Breki ya Upande wa Pili

Watu walimwita Mwalimu Breki, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Ukipanda naye gari mara moja tu, shingo yako itakuhadithia.

Alikuwa mwalimu wa udereva katika shule ndogo iliyopanga nyuma ya duka la vigae: darasa moja, ofisi moja, na ua wa kuegesha magari ambao mvua ikinyesha unakuwa bwawa. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kuwaomba wananchi wavumilie. Upande wa abiria, pale chini unapoweka miguu, lilikuwa na breki ya pili. Hiyo ndiyo breki ya mwalimu. Imewekwa kwa dharura, mwanafunzi akipagawa mwalimu aokoe jahazi. Kwa walimu wengine wiki nzima inaweza kupita na breki hiyo haijaguswa. Ya kwake ilikuwa imelika mpira wote, kimebaki chuma kitupu.

Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa mwalimu wa kugombaniwa, anakaa ameegemea kiti kama yuko sebuleni kwake, anamwambia mwanafunzi, "Gari lako hilo, mimi abiria tu." Kisha akamfundisha mkewe. Mke alikuwa amebakiza kidogo tu afanye mtihani. Siku hiyo walikuwa wanashuka mteremko wa soko la mbao, na kule chini, kwenye njia panda, lori lililokatika breki likatoka barabara ya pembeni likawabamiza ubavuni, upande wa dereva. Mwalimu alitoka na mkono uliovunjika. Mkewe hakutoka.

Wakaguzi walikuja wakapima barabara kwa kamba, wakaandika, wakasema kosa ni la lori. Majirani wakasema kosa ni la lori. Hata mwenye lori, Mungu amsamehe, alikiri kosa ni la lori. Aliyebaki na maoni yake peke yake ni mguu wa kulia wa Mwalimu. Mguu ule ulishikilia kwamba ulichelewa kufika kwenye breki, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuuhoji.

Basi tangu hapo haukuchelewa tena. Ulikanyaga kwa ajili ya mbuzi aliyefungwa kamba ng'ambo ya barabara. Ulikanyaga kwa ajili ya mfuko wa plastiki uliokuwa unapita zake na upepo. Nyumbani ulikanyaga chini ya meza, binti yake akipita na sufuria ya moto, na meza ikaruka na kila kilichokuwa juu yake.

Wafariji nao hawakukosekana. Kuna watu ambao wakisikia una jeraha hawaulizi linauma wapi, wanakuletea methali, kama vile nyumba yako ilikuwa na upungufu. Dada yake mkubwa, ambaye binti wa Mwalimu alimwita Shangazi, ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati hiyo.

"Mdogo wangu, piga moyo konde," Shangazi alisema, akijimiminia chai kwa mara ya tatu. "Yaliyopita si ndwele. Mungu hampi mja mzigo asioweza kuubeba."

"Asante, dada."

"Mbona mimi mume wangu alipoondoka nilisimama? Ulinisikia nikilia?"

Ni kweli hakuna aliyemsikia akilia. Mume wa Shangazi aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, na Shangazi alimfungia mizigo mlangoni akampa na maji ya njiani. Lakini mfiwa haruhusiwi kubishana na mfariji, hilo linajulikana, kwa hiyo Mwalimu alirudia asante yake. Ajabu ni kwamba kati ya methali zote zilizomiminwa pale, hakuna aliyemletea ile ya aliyeumwa na nyoka, kwamba akiona ung'ongo hushtuka. Hiyo haina faida kwa mfariji. Haimwamrishi mtu kujikaza.

Na jamani, alijikaza. Tusimwonee. Wiki ya pili baada ya mazishi alikuwa kazini, mkono umefungwa bandeji, na wote wakasifu: tazama mwanamume, tazama chuma. Chuma hicho kikaanza kufundisha. Ndipo balaa lilipoanza, balaa ambalo hakuna shule nyingine ya udereva duniani iliyowahi kujivunia.

Wanafunzi wake walijua kila kitu. Walijua kubadili gia bila kulikwaruza gari. Walijua vioo, indiketa, kurudi nyuma kwenye kichochoro. Jambo moja tu hawakulijua, nalo ni kusimama. Si kwamba walikuwa wajinga. Hawakupata nafasi. Kabla mwanafunzi hajawaza breki, Mwalimu alishaikanyaga, na gari limeshasimama, na mwanafunzi anafuta jasho akishukuru. Baada ya masomo kadhaa mwili wa mtu unazoea: ukifika penye kizuizi, gari husimama. Ndivyo magari yalivyo.

Wa kwanza kulifichua jambo hili alikuwa Msusi, mama mnene mcheshi mwenye saluni karibu na kituo cha mafuta. Siku ya mtihani aliingia kwenye gari la mtahini, gari la kawaida lisilo na breki ya pili, akaendesha hadi mtahini akaacha kuandika, akawa anatazama mandhari. Wakafika mwisho wa barabara, penye alama ya kusimama, nyekundu, kubwa kama sinia. Msusi akakunja mikono juu ya usukani akasubiri. Gari likapita alama, likapita mfereji, likaingia kwenye bustani ya maua ya ofisi ya maji, likazimika lenyewe baada ya kula ua la tatu.

"Kwa nini hukukanyaga breki?" mtahini aliuliza, sauti ikiwa imempotea.

"Ala!" Msusi alisema kwa mshangao wa kweli. "Kumbe ni kazi yangu?"

Baada yake wakafuata wengine. Mmoja aliukwangua ukuta, mwingine aliingia na gari hadi ndani ya kibanda cha mlinzi, ambaye kwa bahati alikuwa amekwenda kununua sigara. Hakuna aliyeumia. Lakini watahini walianza kuuliza mapema, "Wewe umefundishwa na nani?" na wakisikia jina, wanafunga mkanda mara mbili.

Mkurugenzi wa shule, mama mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani kama nishani, alimwita ofisini.

"Mwalimu, najua uliyoyapitia."

"Asante."

"Lakini imepita miaka miwili."

Alilisema kama mtu anayemkumbusha mpangaji kwamba mkataba umeisha. Mwalimu hakuwa amejua kwamba huzuni ina tarehe ya kukabidhi funguo.

"Nimekuletea msaada," Mkurugenzi alisema. "Kesho anakuja mtaalamu wa ustahimilivu. Wote mtahudhuria, usijione umetengwa."

Mtaalamu alikuja. Alikuwa kijana nadhifu mwenye viatu vyeupe visivyowahi kukutana na bwawa la ua ule, na kipaza sauti cha kuvaa kichwani, katika chumba ambacho mbu akikohoa wote wanasikia. Wasikilizaji walikuwa walimu wa udereva wachache, karani, na Mwosha Magari, aliyeitwa ndani ili viti visionekane vitupu. Ukutani projekta iliandika maneno makubwa ya bluu: KUWA MPIRA.

"Maisha yakikuangusha," Mtaalamu alisema, kipaza sauti kikipiga mluzi, "wewe fanya nini?"

Karani alitazama saa yake.

"Dunda! Semeni na mimi: mimi ni mpira!"

"Mimi ni mpira," walisema watu wazima wenye leseni za magari makubwa.

"Nani hapa ana jeraha?"

Wote wakamtazama Mwalimu Breki, kisha wakajifanya hawakumtazama. Mwosha Magari, kwa huruma au kwa kutojua, akanyoosha kidole chake kilichokatwa na chupa.

"Jeraha la ndani, mzee wangu!"

"Hili limeingia ndani sana," Mwosha Magari alijitetea. "Halafu nilitaka kuuliza. Mpira ukipasuka, je?"

"Maswali mwishoni," Mtaalamu alisema. Hapakuwa na mwisho, kama mtakavyoona.

Zoezi kubwa lilikuwa la maputo. Kila mtu alipewa moja, alipulize na kuingizia humo uchungu wake wote, kisha alitoboe kwa pini, uchungu upasuke, mtu awe huru. Karani alipuliza la kwake haraka, akasema ameweka humo deni la huzuni ya utotoni. Mwalimu Breki alipuliza pole pole. Alikuwa mtu wa kutii. Alijaribu hasa, maskini, alifumba macho akawaza njia panda, akawaza mkono wa mkewe juu ya gia, akawaza uso wake uliokuwa unatabasamu kwa sababu ameshuka mteremko wote bila kutetereka. Puto likawa kubwa. Ndipo karani, nyuma yake, alipotoboa la kwake.

Paa!

Mguu wa kulia ukatoka kama ulivyozoea. Ukakanyaga waya wa umeme ukaung'oa, projekta ikazimika, meza ikapinduka na birika la chai ya mapumziko. Mtaalamu, aliyekuwa anatembea kinyumenyume akiwaonyesha jinsi ya kudunda, akakanyaga chai akaanguka chali. Chumba kizima kikamtazama kwa hamu ya kujifunza. Hakudunda.

Alinyanyuka kwa kushikilia kiti, viatu vyeupe vimegeuka vyekundu kwa chai, akamnyooshea Mwalimu kidole. "Huyu mtu ni hatari! Mimi siwezi kufanya kazi na mtu wa namna hii!" Akafungasha kipaza sauti chake na maputo yake akaenda zake, na Mwosha Magari akamsindikiza hadi getini kwa adabu, akimuuliza tena lile swali la mpira kupasuka.

Mkurugenzi alivua miwani. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Kuanzia Jumatatu utakuwa darasani," alisema. "Utafundisha alama za barabarani ubaoni. Mpaka utakapokuwa sawa." Mwalimu aliuliza itajulikanaje kwamba amekuwa sawa. Mkurugenzi akasema itajulikana tu.

Alipotoka nje binti yake alikuwa anamsubiri, ameegemea gari dogo jeupe, bado amevaa sare ya kliniki. Alikuwa muuguzi katika kliniki ya watoto. Dereva wa gari la chanjo alikuwa anastaafu, na mganga mkuu alikuwa amemwambia binti kwamba akipata leseni gari hilo ni lake: atalipeleka mwenyewe kwenye vijiji ambavyo watoto wao hawafiki mjini mpaka waumwe. Aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Na tangu mwanzo alikuwa amegoma kufundishwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa baba yake, jambo ambalo wanafunzi wenzake wa udereva waliliona ni ujasiri au ni kutafuta shingo mbovu.

"Vipi semina?" aliuliza.

"Mimi ni mpira," Mwalimu alisema, akaingia garini.

Binti aliendesha. Alikuwa na mikono ya mama yake, na alishika usukani kama yeye, vidole vikiwa vimelegea. Walipita mbele ya benki, gari likasimama. Walipita kwenye tuta, gari likasimama kabla ya tuta, juu ya tuta na baada ya tuta. Mwanamke mmoja alikuwa anafagia baraza lake mbali kabisa na barabara, gari likasimama, mwanamke akaacha kufagia akawaangalia kwa wasiwasi.

Binti akaliegesha kando, au tuseme baba akaliegesha kando. Akazima injini.

"Baba. Sijawahi kusimamisha gari."

"Umesimama vizuri sana leo."

"Wewe ndiye umesimama. Tangu nianze kujifunza sijakanyaga breki hata mara moja. Najua iko wapi kwa sababu nimeiona."

"Breki ni kitu kidogo, mwanangu. Utaizoea."

"Na Msusi ulimwambia hivyohivyo?"

Kuna maswali ambayo mtoto hapaswi kumuuliza mzazi, hasa yakiwa na majibu.

"Gari la chanjo halina breki ya pili," binti aliendelea, na sauti yake haikuwa na hasira, hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Upande huo unapokaa wewe kutakuwa na sanduku la barafu la dawa. Nitakuwa peke yangu, barabara ya changarawe, mtoto wa mtu akiruka mbele yangu nitafanya nini? Nitakaa nikikusubiri. Mwili wangu umeshazoea kukusubiri." Akaachia usukani. "Kwa kunilinda hivi, Baba, utaniua."

Neno lile likakaa garini pamoja nao. Mwalimu alitazama mguu wake. Kwa miaka miwili alikuwa ameulea kama mlinzi wa nyumba, hata ukivunja vyombo anausamehe, maana unalinda. Kumbe mlinzi mwenyewe ndiye alikuwa anamfungulia mwizi mlango. Alitaka kukasirika akakosa pa kukasirikia.

"Twende mteremko wa soko la mbao," binti alisema.

"Hapana."

"Mtihani unapita pale."

"Nenda na mwalimu mwingine. Wapo wazuri, watulivu."

"Mwalimu mwingine hakupoteza mtu pale. Tuliopoteza ni mimi na wewe. Nikienda na mtu mwingine nitalia peke yangu, na yeye ataniambia nijikaze." Akamgeukia. "Hujawahi kuniambia chochote kuhusu siku ile. Hata jina lake hulitaji. Nimekusubiri uniambie, nikaona labda tukikaa humu pamoja kila jioni utasema. Husemi. Unakanyaga tu."

Eh! Kwa hiyo ndiyo sababu ya kugoma kwake, na baba mtu, hodari wa kusoma alama za barabarani kutoka mbali, hakuiona ikiwa imekaa naye kiti kwa kiti. Alimwangalia binti yake, kisha akavuta mkanda kuhakikisha umefunga.

"Washa gari," alisema.

Soko la mbao lilikuwa vilevile. Vumbi la msumeno lilielea, harufu ya mbao mbichi ikaingia kupitia dirishani, wachukuzi wakivuka na mirunda mabegani kana kwamba magari ni uvumi tu. Kule chini njia panda ilionekana: duka la misumari pembeni, nguzo ya taa iliyopinda, na mstari mweupe uliofifia ambapo magari yanatakiwa kusimama. Gari likaanza kushuka. Mguu ukakanyaga. Gari likasimama katikati ya mteremko, na pikipiki iliyokuwa nyuma ikawapita ikiwaachia tusi fupi.

"Baba."

"Naogopa," Mwalimu alisema.

Hakuwa amewahi kumwambia mtu neno hilo. Methali zote alizopewa hazikuwa na nafasi ya kulichomeka.

"Naogopa, mwanangu. Naona kila gari pale chini ni lile."

"Na mimi naogopa," binti alisema. "Wewe ogopa tu. Sikukatazi. Lakini toa mguu."

Sasa, nendeni mkawaulize wataalamu wenye viatu vyeupe kama kuna slaidi ya hilo. Mwalimu aliunyanyua mguu wa kulia kwa mikono yake miwili, akalishika goti, kama mtu anayebeba mtoto mkaidi. Akaushikilia hapohapo, unyayo unaning'inia juu ya pedali bila kuigusa. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Gari likashuka. Lilishuka pole pole, kisha si pole pole sana. Alitaka kufumba macho akashindwa, na mbele pia hakuweza kutazama, kwa hiyo akatazama chini, kwenye kile chuma kitupu kilicholika mpira.

Kutoka barabara ya pembeni lori likatokea. Lori la kawaida, la mchanga, linakwenda zake. Mwalimu alisikia ngurumo yake ndani ya meno, mguu ukapigana mikononi mwake, akaukumbatia kwa nguvu zote.

Na pedali ikashuka yenyewe.

Pedali hizi mbili zimeunganishwa kwa chuma kimoja. Mmoja akikanyaga, ya mwenzake nayo inazama. Kila mwalimu wa udereva analijua hilo. Yeye mwenyewe alilijua kabla ya wote. Lakini kwa miaka miwili hakuwahi kuliona likitokea, kwa sababu kwa miaka miwili hakuwahi kumwacha mtu awahi. Sasa aliitazama ikishuka taratibu, imara, hadi chini, bila yeye kuigusa. Gari likasimama kwenye mstari mweupe. Lori la mchanga likapita mbele yao, dereva wake akitafuna kitu, likaenda zake.

Mwalimu aliachia mguu wake. Haukukanyaga kitu. Uliangukia juu ya pedali iliyokwisha kushuka, ukakuta hakuna cha kusukuma. Na hapo mwili wote ukamganda, maana mguu ule ulikuwa umewahi kukutana na hali ile mara moja nyingine, mahali hapohapo.

Siku ile mguu ulifika, ukakuta pedali iko chini. Miaka miwili alikuwa ameamini kwamba ndivyo kuchelewa kulivyo: unafika, unakuta hakuna kitu. Hakuwahi kujiuliza nani aliyeishusha.

"Baba? Nimekosea wapi?"

"Hujakosea." Akanyoosha kidole kwenye pedali iliyozama. "Mama yako alikanyaga."

"Nini?"

"Siku ile. Alikanyaga kabla yangu. Mguu wangu ulipofika, ilikuwa iko chini tayari, kama hivi. Tulikuwa tumesimama, mwanangu. Tulikuwa hapa hapa, kwenye mstari. Lori ndilo halikusimama, likatufuata mpaka hapa." Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, bila kupiga moyo konde kama Shangazi alivyoagiza. "Mama yako alifanya kila kitu sawasawa. Alikuwa dereva mzuri sana. Na mimi sijawahi kumwambia mtu hivyo."

Binti akauweka uso juu ya usukani akalia. Baba akamwekea mkono mgongoni akalia naye, kwa kelele, bila mpangilio, kama watu waliochelewa msiba kwa miaka miwili na sasa ndio wanafika. Nyuma yao honi zikaanza. Kwanza moja, kisha kwaya nzima. Mtu wa mkokoteni wa mbao akaja hadi dirishani, akainama akachungulia, akaona watu wazima wawili wamelowa nyuso kwenye gari la kujifunzia.

"Vipi, gari limeharibika?"

"Gari zima, ndugu yangu," Mwalimu alimjibu, akijifuta kamasi kwa kiganja. "Tulioharibika ni sisi. Zunguka tu, upite."

Yule mtu akawatazama kidogo, akaitikia kwa kichwa kama aliyeelezwa jambo la kawaida, akazunguka na mbao zake. Binti akacheka akiwa bado analia. Akajipangusa kwa mkono wa sare, akatazama kulia, kushoto, kulia tena, mguu wake bado umekaza breki.

"Niondoke, Baba?"

Mwalimu alivuta pumzi. Kule mbele, baada ya njia panda, aliona tuta, mbwa na mama mwenye ndoo.

"Ondoka," alisema. "Mguu wangu siuahidi. Lakini wewe ondoka."